Orodha si seti

Katika mwezi wa pili wa memuari yangu, asistanti anayeniongoza alinirudishia kurasa zangu na swali moja limeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu: «Mama hawa wa sokoni, mbona hakuna hata mmoja anayerudia neno?»

Nilisoma swali lile mara mbili. Mada yangu ni urudufishaji katika Kiswahili cha sokoni hapa Lubumbashi. Yeyote anayepita kati ya meza za nyanya na za dagaa anausikia bila kuutafuta: mia tano mia tano, moya moya, mbio mbio, kidogo kidogo. Nilikuwa nimerekodi mazungumzo, nimeyaandika kwa mkono, nimeyapiga kwenye kompyuta, na jedwali nililompa asistanti lilionyesha kwamba neno «mia» limetokea mara 1, neno «tano» mara 1, neno «moya» mara 1. Ni kama soko zima lilisema kila neno mara moja tu kisha likanyamaza.

Kosa lilikuwa la mstari mmoja wa programu. Rafiki yangu wa informatika, aliyenisaidia bila kudai hata faranga moja na ninayemshukuru hadi leo, alichukua orodha ya maneno yangu akaigeuza kuwa seti «ili kusafisha marudio». Katika kazi yake marudio ni uchafu, na katika kazi yangu ndiyo yanayotafutwa. Hatukuulizana. Mimi sikujua kwamba kulikuwa na la kuuliza.

Ndiyo maana ninaandika. Katika kitivo chetu wanafunzi wengi sasa wanapeleka data zao kwa rafiki, kaka au jirani anayejua kompyuta, na wanarudishiwa majedwali mazuri. Ninadai kwamba kugeuza mkusanyo wa aina moja kuwa mkusanyo wa aina nyingine ni uamuzi wa isimu, si kazi ndogo ya fundi. Ni sisi tunaopaswa kuufanya, kuuandika katika sura ya mbinu, na kuulizwa juu yake siku ya kutetea kazi.

Nianze na vyombo vyenyewe. Nitatumia lugha ya Java kwa kuwa ndiyo niliyoanza kujifunza baada ya aibu ile, lakini mambo haya yako pia katika C#, Kotlin na nyinginezo zinazopanga programu kwa klasi na vitu. Majina ya vyombo nitayatafsiri kwa ajili ya wasomaji wasioandika programu.

Orodha inashika mpangilio na inashika marudio. Ukiweka «mia, tano, mia, tano», ina vitu vinne, na cha tatu ni «mia». Seti inajua jambo moja tu: kitu fulani kimo au hakimo. Ukiipa maneno yale manne, inabaki na mawili, na seti ya kawaida ya Java, HashSet, haiahidi hata kwamba itayatoa kwa mpangilio ulioyaweka. Walimu wetu wa semantiki wanafundisha tofauti ambayo Peirce alituachia, kati ya neno kama aina na neno kama tukio. Orodha ni ya matukio, seti ni ya aina. Tofauti hiyo tunaiandika vizuri kwenye mtihani, kisha tunaisahau tukifika mbele ya kompyuta.

Na usidhani kwamba unaweza kurudi. Java inakuruhusu kuigeuza seti kuwa orodha tena kwa mstari mmoja, na unachopata kinaitwa orodha, kinafanya kazi kama orodha, kina kitu cha kwanza na cha pili. Hiki ndicho kilichonidanganya. Faili niliyorudishiwa ilikuwa orodha kwa jina. Ilikuwa imepita kwenye seti njiani, na hakuna alama yoyote iliyobaki kuonyesha njia hiyo.

Kuna jambo lingine ndani ya seti ambalo linatuhusu sisi wa lugha za Kiafrika kuliko watu wa Kifaransa. Seti inaondoa vitu vilivyo «sawa», lakini nani anaamua usawa? Katika Java ni metodi moja, equals, ambayo kila klasi inaweza kuiandika kwa namna yake. Kwa maandishi ya kawaida inalinganisha alama kwa alama. Sasa chukua irabu «á» katika data za Ciluba zenye toni. Katika Unicode inaweza kuandikwa kwa alama moja iliyo kamili, au kwa alama mbili, «a» na kistari cha toni kinachofuata. Machoni ni kitu kimoja. Kwa seti ni maneno mawili tofauti. Na «ɔ́» ya Kilingala haina alama moja kamili, ni lazima iandikwe kwa mbili. Kwa hiyo mtu akipiga nusu ya data kwenye simu na nusu kwenye kompyuta, seti ile ile iliyofuta marudio niliyoyahitaji itamwachia marudio asiyoyataka. Dawa ipo, ni kusawazisha maandishi kabla ya kuyaweka, na Java ina klasi ya kazi hiyo inayoitwa Normalizer. Lakini mtu wa informatika hataitumia kama hukumwambia kwamba toni zako zina maana.

Chombo cha tatu ni kile kinachoitwa Map, ambacho hapa nitakiita kamusi kwa sababu kinafanana nayo: una ufunguo, na kila ufunguo una thamani moja. Hapo kwenye «moja» ndipo penye shida. Ukiweka thamani ya pili chini ya ufunguo ule ule, ya kwanza inaondoka bila kelele. Fikiria mwenzetu anayetengeneza msamiati wa Kilingala kutoka orodha ya maneno yaliyoandikwa bila toni, kama watu wanavyoandika kila siku. Anaweka «moto», mtu. Kisha «moto», kichwa. Kisha «moto», kile kinachowaka. Mwisho ana ingizo moja, la moto unaowaka. Mtu na kichwa vimepotea. Kwa Kiswahili jaribu «ua»: ua la bustani, ua wa nyumba, kuua. Au «paa», au «kaa». Kamusi ya karatasi inaandika paa 1, paa 2, paa 3. Kamusi ya Java itakubakizia paa wa mwisho tu, isipokuwa umeiambia kwamba thamani ya kila ufunguo ni orodha ya maana.

Profesa mmoja mzee alituonyesha siku moja sanduku lake la viatu lililojaa fishi, kila neno na karatasi yake. Tulicheka kidogo, tuseme kweli. Lakini sanduku lile lilikubali fishi tatu zenye kichwa «paa», moja nyuma ya nyingine, na lilikubali pia fishi mia za neno lile lile kutoka sentensi mia. Lilikuwa orodha, na mwenye nalo alijua hivyo. Sisi tumepata chombo chenye kasi zaidi bila kuuliza kinatupa nini nje.

Hadi hapa ni vyombo. Sasa nije kwenye lebo za vyombo, mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa mbishi kuliko wote.

Tangu Java 5, mwaka 2004, chombo kinaweza kubeba lebo inayosema kinapokea vitu vya klasi gani. Ndizo zinazoitwa aina jeneriki. Orodha<Nomino> ni orodha inayopokea nomino tu, na Orodha<Neno> inapokea neno lolote. Nilipoamua kuiandika upya programu pamoja na rafiki yangu, tuliweka klasi Neno juu, na chini yake Nomino, Kitenzi, Kielezi, Kiigizi. Nilikuwa na Orodha<Nomino> yangu. Tulikuwa na metodi inayopokea Orodha<Neno> na kuongeza humo maneno niliyoyakosa nilipokuwa nikisikiliza rekodi kwa mara ya kwanza. Nikaipa orodha yangu ya nomino. Kompaila ikakataa.

Nilikasirika kama mtu aliyekataliwa kitambulisho chake mlangoni. Je, kila nomino si neno? Basi orodha ya nomino si orodha ya maneno? Katika lugha yoyote ninayoijua, anayeona kikapu cha nyanya anaweza kusema «kile ni kikapu cha mboga» na hakuna atakayempinga.

Rafiki yangu alinijibu kwa kikapu hicho hicho. Mama ana kikapu cha nyanya, na kimeandikwa nyanya. Akikukabidhi ukitazame au utoe moja, hakuna shida ukikiita kikapu cha mboga. Lakini akikukabidhi akisema «hiki ni kikapu cha mboga, weka mboga yoyote unayoipata», utaweka kitunguu, na utakuwa hujakosea. Mama atakaporudi kwenye kikapu chake kilichoandikwa nyanya na kuingiza mkono bila kuangalia, atatoa kitunguu. Kompaila haikukataa kwamba nyanya ni mboga. Ilikataa kutoa ruhusa ya kuweka.

Nilipoelewa hivyo nilikumbuka somo la vikadiriaji, na hapo ndipo nilipoacha kuiona Java kama lugha ya wageni. Tangu makala ya Barwise na Cooper ya mwaka 1981 tunajua kwamba vikadiriaji vinatofautiana kwa upande vinaoruhusu kufikiri. «Kuna mwanafunzi wa Kiswahili ukumbini» inatuongoza kwenye «kuna mwanafunzi ukumbini»: tunapanda kutoka aina ndogo kwenda aina kubwa. «Kila mwanafunzi ana kitambulisho» inatupeleka upande wa pili, chini: kila mwanafunzi wa Kiswahili ana kitambulisho. Na «wanafunzi watatu tu wamefika» hairuhusu kupanda wala kushuka. Lebo za vyombo zinafuata njia hizo hizo tatu. Chombo cha kutoa tu kinapanda. Chombo cha kupokea tu kinashuka. Chombo kinachotoa na kupokea hakiendi popote, na orodha ya kawaida ya Java ni cha namna hiyo. Katika Java unaweza kutamka unachotaka: Orodha<? extends Neno> ni kikapu unachoweza kutoa maneno lakini huwezi kuweka, Orodha<? super Nomino> ni kikapu unachoweza kuweka nomino, lakini unachokitoa hukijui zaidi ya kwamba ni kitu. Joshua Bloch aliwapa watu wa Java kanuni fupi ya kuikumbuka: anayetoa ni extends, anayepokea ni super. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa semantiki angeweza kuigundua kanuni hiyo peke yake, kama mtu angemwonyesha.

Njia ya tatu ni kunakili: unatengeneza Orodha<Neno> mpya na kuijaza nomino zako. Kikapu ni kipya, nyanya ni zile zile. Ukiongeza kitunguu, hakiingii kwenye kikapu cha zamani. Lakini ukirekebisha toni ya neno moja katika nakala, limerekebishwa pia katika orodha ya kwanza, kwa sababu kilichonakiliwa ni kikapu tu. Nilipoteza jioni nzima kwa jambo hili, na umeme ukakatika kabla sijalielewa.

Kuna pia njia ya nne, ya kulazimisha. Java itakuruhusu kubandua lebo na kubandika nyingine, na itakupa onyo tu, si kosa. Wengi hufanya hivyo usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Inawezekana kwa sababu lebo za jeneriki hufutwa programu inapokompailiwa: wakati programu inapokimbia, Orodha<Nomino> na Orodha<Kitenzi> ni orodha tu. Kitenzi kitaingia kwenye orodha ya nomino bila kuzuiwa, na programu itaanguka baadaye, mbali, mahali utakapotoa «nomino» na kuiuliza ngeli yake. Au haitaanguka kabisa, kama unahesabu tu. Hiyo ya pili ndiyo inayonitisha. Programu iliyoanguka mtu huitengeneza, lakini hesabu iliyokosewa kimya inaingia katika sura ya nne ya memuari na kupewa alama. Safu za zamani za Java, zile zilizokuwapo kabla ya jeneriki, zilikuwa na ulegevu unaofanana: safu ya nomino inakubalika kama safu ya maneno, na ukiweka kitenzi ndani yake kosa linatokea programu ikiwa inakimbia. Kosa hilo walau lina kelele.

Niongeze jambo moja kabla ya madai yangu, kwa kuwa najua mwalimu wa mofolojia atalisoma hili. Kifaransa kinatumia neno «classe» kwa ngeli zetu na kwa klasi za Java, na unashawishika kuamini kwamba ni kitu kimoja, uandike Ngeli7 chini ya Nomino na uendelee. Haya, kiboko utamweka wapi? Kiambishi chake ni cha ngeli ya 7, upatanisho wake ni wa ngeli ya 1: kiboko mkubwa anakuja. Klasi ya Java ina mzazi mmoja tu. Ukimweka Ngeli7 kwa umbo, unapoteza upatanisho. Ukimweka Ngeli1 kwa upatanisho, unapoteza umbo. Inawezekana kutenganisha mambo hayo mawili, umbo likawa sehemu ya nomino na uhai ukawa kiolesura ambacho nomino inakitimiza. Lakini anayejua kwamba yanapaswa kutenganishwa ni sisi. Rafiki yangu, ambaye amezungumza Kiswahili tangu utotoni, hakuwahi kujiuliza kwa nini kiboko hasemi kinakuja.

Najua pingamizi la kwanza. Sisi ni watu wa lugha, tusigeuzwe mafundi wa kompyuta; saa za masomo hazitoshi hata kwa fonolojia. Sidai somo jipya la programu, wala sidai kila mtu ajue Java. Nadai kurasa mbili katika sura ya mbinu, zinazosema: data zangu zilihifadhiwa katika chombo cha aina gani, ziligeuzwa mara ngapi na kuwa nini, usawa wa maneno mawili uliamuliwaje, kipi kilipotea kila mara na kwa nini hasara hiyo haigusi swali langu. Mwanafunzi akishindwa kuandika kurasa hizo, ina maana hajui majedwali yake yametoka wapi. Na jopo liulize. Tunaulizwa kwa nini tulichagua watoa habari kumi na wawili na si ishirini. Sijasikia hata mara moja mtu akiulizwa kwa nini orodha yake ya maneno haina marudio, mpaka nilipoulizwa mimi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sina jibu kamili. Wengi wetu hatuna kompyuta yetu, tunaazima kwa saa moja au mbili, na katika saa hizo huna nafasi ya kumsumbua anayekusaidia kwa maswali ya vyombo. Ni kweli. Lakini swali «utaondoa marudio?» linachukua muda mfupi kuliko kusema asante.

Mimi sasa ninafanya hivi: maandishi ya kila rekodi ni orodha, kwa mpangilio wake, na faili hiyo programu inaisoma tu, haiiandiki. Seti na kamusi zinatengenezwa kutoka kwake kila ninapozihitaji, kisha zinatupwa. Nimehesabu upya. Asistanti ameona jedwali jipya na kuuliza swali lingine, gumu, kuhusu «mia tano mia tano»: je, kinachorudufishwa ni neno au ni kirai kizima? Hilo ni swali la isimu hasa, na orodha ndiyo iliyoliruhusu liulizwe. Seti isingeweza hata kuliona.

Imebaki rekodi moja. Ilikuwa ya mama mmoja muuza nyanya mzee kuliko wenzake, aliyezungumza nami karibu saa nzima huku akihudumia wateja, na ambaye baadaye wenzake waliniambia amehamia kwa binti yake Kolwezi. Daftari la rekodi ile nililitupa nilipomaliza kuipiga kwenye kompyuta, sauti niliifuta kwenye simu ili kupata nafasi, na faili ndiyo ile programu ya kwanza iliyoandikia seti juu yake. Ninayo bado. Ni maneno yake yote, yamepangwa kwa alfabeti, kila moja mara moja. «Baba» limo. «Mia» limo, «tano» limo. Ni mara ngapi aliyasema mfululizo, na kwa nani, faili haisemi.